Macho ya mtoto wa wiki 11: michezo ipi inamfaa, na je, kadi za kununua ni za lazima?

Swali: Daktari, mimi ni mama wa mtoto wa kwanza na ninaishi Umoja, Nairobi, katika chumba kimoja chenye dirisha dogo linalotazama ukuta wa ploti ya jirani. Mwanangu ana wiki 11 na alizaliwa miezi ikiwa imetimia. Marafiki wananishauri ninunue kadi za michoro myeusi na myeupe pamoja na vinyago vya kuning'iniza juu ya kitanda ili macho yake yakue vizuri, lakini bei zake zinanishinda. Baba yake humwekea katuni kwenye simu, na mtoto hutulia kabisa akiikodolea macho. Mama mkwe naye anasema mwangaza huharibu macho ya mtoto mchanga, kwa hiyo pazia lisifunguliwe. Isitoshe, mara nyingine naona jicho lake likienda upande kama la mwenye makengeza. Nimchezeshe vipi, na je, nianze kuwa na wasiwasi?

Jibu: Mama, nianze na suala la fedha kwa sababu ndilo lenye haraka: usifungue mkoba wako bado. Kila kitu ambacho macho ya mwanao yanahitaji kuanzia sasa hadi atakapoanza kukaa mwenyewe kimo ndani ya chumba hicho, na kilicho bora kuliko vyote ni uso wako. Nitakueleza sababu, kisha nitakuonyesha namna ya kucheza naye, na suala la makengeza nitaliacha mwisho kwa kuwa linahitaji nafasi yake.

Kuona si kazi ya jicho peke yake. Jicho la mtoto aliyezaliwa kwa wakati limekwisha kuumbika kwa sehemu kubwa, ingawa kitovu cha retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), ile sehemu inayotuwezesha kusoma maandishi madogo, huendelea kukomaa kwa miaka kadhaa. Kilicho kichanga zaidi ni ubongo, ambao bado haujajifunza kufasiri yale unayoletewa na macho. Katika siku zake za kwanza mtoto huona kwa ukali unaokaribia sehemu moja kwa ishirini ya ule wa mtu mzima: hutambua kwamba kuna mtu mbele yake, na huona mpaka kati ya nywele na paji la uso, lakini kope zako na kipini cha puani hazimo katika dunia yake. David Hubel na Torsten Wiesel, waliotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1981, walionyesha kwa majaribio ya paka wachanga kwamba jicho moja likifungwa katika wiki za mwanzo na kufunguliwa baadaye, paka hubaki haoni nalo ingawa jicho lenyewe ni zima, kwa kuwa nafasi yake ubongoni imekwisha kuchukuliwa na jicho la pili. Matokeo hayo yametumiwa na baadhi ya wauzaji kuwatisha wazazi, kana kwamba mtoto asiyeonyeshwa picha fulani kufikia mwezi fulani atabaki nyuma maisha yake yote. Hayasemi hivyo. Yanasema kwamba macho yote mawili yanapaswa kuwa wazi, kupitisha mwanga vizuri na kutumika pamoja tangu mwanzo, na mtoto mwenye afya anayeishi nyumba ya kawaida na watu wa kawaida hulipata hilo bila mpango wowote maalumu.

Kama ni hivyo, mchezo una kazi gani? Kwa maoni yangu una kazi mbili. Ya kwanza ni kumpa mtoto mazoezi ya kulikaza jicho mahali pamoja, kufuata kinachosogea, na baadaye kuunganisha macho na mikono. Ya pili, ambayo hutajwa mara chache, ni kukufundisha wewe jinsi mwanao anavyotazama, ili siku likitokea jambo lisilo la kawaida uwe wa kwanza kulitambua. Daktari humwona mtoto kwa dakika chache, tena akiwa analia. Wewe unaye mchana na usiku.

Sasa tuje kwenye mchezo wenyewe. Umbali ambao mtoto mchanga huona vizuri zaidi ni kati ya sentimita 20 na 30, ambao ndio umbali uliopo kati ya uso wako na wake anaponyonya. Kaa kitandani ukiegemea ukuta, kunja magoti, mlaze mapajani akikuelekea na kichwa chake kikiwa kwenye magoti yako. Hakikisha mwanga unatoka mbele yako na kukuangukia usoni. Ukilipa dirisha mgongo, mtoto huona kivuli cheusi chenye mzingo wa mwanga, na wazazi wengi hukata tamaa hapo wakidhani hapendezwi nao. Kisha nyamaza na usubiri. Macho yake yatazungukazunguka, yatatua kwenye mpaka wa nywele au kilemba chako, halafu yatashuka hadi kwenye macho yako na kutulia. Unapoona ametulia, sogeza kichwa chako polepole kuelekea bega lako la kulia, polepole kuliko unavyofikiri. Katika wiki za mwanzo angekufuata kwa kurukaruka, yaani macho yanabaki nyuma, yanaruka kukufikia, yanabaki tena. Katika umri wa wiki 11 utaanza kuona mwendo ukilainika, na kichwa chenyewe kikigeuka kusaidia. Akikupoteza njiani, simama hapo hapo ulipo umsubiri, badala ya kumrudia na kupunga mikono mbele ya uso wake.

Kusubiri ndiko kunakowashinda wengi. Mara kwa mara huona kliniki baba mwenye mapenzi tele akishika funguo, anazitikisa karibu kabisa na pua ya mtoto, anazipeleka kushoto na kulia kwa kasi, na mtoto anafumba macho au anageuka pembeni. Funguo zile zimekosea mambo matatu kwa pamoja: ziko karibu mno, zinakwenda mbio mno, na zinapiga kelele. Hili la kelele lina uzito wa pekee, kwa sababu mtoto asiyeona kabisa naye atageukia njuga, funguo au sauti ya mama yake. Kwa hiyo michezo yenye sauti ni mizuri na uendelee nayo, mwimbie, mpigie makofi, lakini angalau mara moja kwa siku cheza naye mchezo wa kimya ambamo macho pekee ndiyo yanayofanya kazi. Mtoto anayekufuata kwa macho ukiwa kimya amekupa habari njema ambayo njuga haiwezi kukupa.

Akigeuza uso, akipiga miayo, akianza kwikwi au kukunja uso, ameshiba mchezo. Katika umri huu dakika mbili tatu za kutazamana zinatosha kabisa, na zikirudiwa anapobadilishwa nepi, anapooga na baada ya kunyonya, zinatosha kwa siku nzima bila kutengewa ratiba.

Kuhusu kadi za michoro myeusi na myeupe, historia yake inasaidia kuamua. Mwanasaikolojia wa Marekani Robert Fantz, katika miaka ya mwanzo ya 1960, aliwalaza watoto wachanga chini ya picha na kuchungulia kupitia tundu ili aone ni picha ipi inayoakisiwa kwenye mboni zao. Aligundua kwamba hata watoto wa siku chache hutazama kwa muda mrefu zaidi michoro yenye mistari, duara au sura ya uso kuliko karatasi tupu ya rangi moja. Ugunduzi huo ulikuwa mkubwa, kwa kuwa watu wengi wakati huo waliamini kwamba mtoto mchanga haoni chochote cha maana, na mpaka leo tunapima macho ya watoto wasioweza kuongea kwa njia iliyotokana na kazi yake, tukiwaonyesha mistari inayozidi kuwa myembamba. Angalia, lakini, kwamba kadi zile zilikuwa kipimo. Zilionyesha kwamba mtoto anaona. Hazikuonyesha kwamba anayezitazama kila siku huona vizuri zaidi au huwa na akili zaidi. Anapozikazia macho hufanya hivyo kwa sababu weusi ukipakana na weupe ndiyo tofauti ambayo macho yake dhaifu huishika kwa urahisi.

Ukipenda kumpa michoro ya namna hiyo, hakuna ubaya, na unaweza kuichora mwenyewe nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita kwa kalamu ya wino mzito: mistari yenye upana wa kidole gumba, duara ndani ya duara, uso wenye macho mawili na mdomo. Ila mimi ningekuomba kwanza ufungue kabati utafute leso. Watengenezaji wa leso waliyajua mambo haya kabla ya wauza kadi. Leso ya kisutu, ile ya rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe ambayo watu wa Pwani humvika bibi harusi, ina kila kitu ambacho jicho la miezi miwili linatafuta: maumbo makubwa, mipaka iliyokatwa wazi, na wekundu uliokolea, ambao ni miongoni mwa rangi ambazo mtoto huzitambua mapema. Itandaze kwenye ukuta ulio upande anaolalia, au ishike mbele yake na kuipeperusha taratibu ili pindo lake lipite mbele ya macho. Leso yoyote nyingine yenye maua makubwa itafaa. Kisichofaa ni rangi zile hafifu za samawati na waridi ambazo maduka huziita za watoto. Zinawapendeza wazazi, lakini mtoto wa umri huu hazimwambii mengi. Kufikia miezi minne au mitano rangi zote zitakuwa zimemfungukia vya kutosha, na hapo hutahitaji kuchagua.

Vinyago vya kuning'iniza navyo unaweza kuvitengeneza kwa vifuniko na vipande vya kitambaa, mradi vining'inie umbali wa sentimita 30 hivi na sura zake zimtazame yeye aliyelala, kwani vingi vinavyouzwa hupendeza ukivitazama ukiwa umesimama lakini mtoto aliye chini huona tumbo la twiga tu. Viondoe mara atakapoanza kujiinua kwa mikono au kukaa, kwa sababu kamba iliyo karibu na shingo ya mtoto ni hatari.

Sasa mama mkwe. Ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo anastahili kupewa. Mtoto mchanga husumbuliwa na mwanga mkali, na hakuna sababu yoyote ya kumlaza uso wake ukitazama jua la Nairobi, hata lile la asubuhi mnalomwotesha. Mgeuze pembeni au mkinge kwa mkono. Hata hivyo, mwanga wa kawaida wa mchana hauharibu jicho, na giza la kudumu halilisaidii. Chumba chenu kina dirisha dogo linalotazama ukuta, kwa hiyo nyinyi mna tatizo la mwanga mchache kuliko la mwanga mwingi. Fungueni pazia mchana. Kitanda kikiwa mahali pamoja siku zote, mtoto atageukia dirisha upande uleule kila mara, kwa hiyo mlaze leo kichwa kikiwa huku na kesho kikiwa kule. Shingo na umbo la kichwa vitafaidika pamoja na macho. Kama balbu inaning'inia wazi juu ya kitanda, sogeza kitanda au mgeuze mtoto asiitazame moja kwa moja. Na kila siku mtoe nje ya mlango. Ukumbi wa ghorofa una kina ambacho chumba hakina, na juu ya paa, pale wapangaji wanapoanika nguo, kuna kila rangi ikiyumba kwa upepo umbali wa hatua mbili tatu, jambo ambalo kwa mtoto anayekaribia miezi mitatu ni burudani tosha.

Kuhusu simu, naelewa sana kwa nini baba huitumia, hasa jioni wakati ugali uko jikoni na mtoto analia. Lakini kutulia kule kusichukuliwe kuwa ni kujifunza. Skrini ni kitu chenye mwanga kinachobadilika kila sekunde, na jicho la mtoto huvutwa nacho bila hiari. Hata uwezo wa kujinasua macho kutoka kwenye kitu kinachong'aa bado haujakomaa katika miezi ya mwanzo, kwa hiyo anayeonekana kupendezwa huenda ameshindwa tu kuondoka. Uso wa baba hutabasamu mtoto anapotabasamu na hunyamaza anaponyamaza. Katuni haijui kama yupo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri kwamba mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asiwekewe skrini kabisa. Sitakuambia kwamba katuni za wiki hizi chache zimemharibia macho, kwa sababu sivyo, ila kila dakika aliyoitumia hapo ameikosa mahali pengine. Kumpigia bibi yake aliye mashambani simu ya video, akiongea na mjukuu na kumwitikia, ni jambo tofauti na halina tatizo. Baba akitaka kazi ya jioni, mpe hii: ambebe mtoto wima begani, atembee naye chumbani polepole, asimame mbele ya kila kitu kinachong'aa au chenye rangi kali, sufuria, kalenda, pazia, kioo, na amwache akitazame mpaka achoke ndipo aendelee.

Mwongozo huohuo unapendekeza kwamba mtoto ambaye bado hajaanza kutambaa alazwe kifudifudi akiwa macho kwa jumla ya dakika 30 au zaidi kwa siku, kwa vipindi vifupi. Jambo hili huonekana kuwa la shingo na mgongo pekee, lakini mtoto anayeinua kichwa kutoka chini huiona dunia kwa pembe mpya na huanza kupima umbali. Tandika leso sakafuni, lala nawe kifudifudi mkitazamana, na uweke kikombe chekundu kati yenu. Kulala usingizi ni mgongoni. Kifudifudi ni kwa kucheza, wakati kuna mtu anayemtazama.

Miezi ijayo itabadilisha michezo yenyewe bila wewe kulazimisha. Hivi karibuni utamkuta akiitazama mikono yake mwenyewe kwa mshangao, akiizungusha mbele ya uso. Usimvalishe soksi za mikono wakati huo, kwani mikono hiyo ndiyo kinyago chake cha kwanza. Kati ya miezi mitatu na mitano ubongo huanza kuziunganisha picha za macho mawili na kupata kina, na papo hapo mtoto huanza kunyoosha mkono ili ashike. Mpe mwiko, kijiko cha mbao, kifuniko cha plastiki, kimoja kwa wakati mmoja, ukikishika mbele yake bila kumwekea mkononi, ili akione, akipime, akikose mara mbili na kukipata mara ya tatu. Chochote kinachoweza kupita ndani ya bomba la karatasi la katikati ya msokoto wa karatasi za chooni kinaweza kumkaba, kwa hiyo kisimfikie.

Baada ya miezi sita, atakapoweza kukaa, utajificha uso nyuma ya leso na kutokea, mchezo ambao ni brikicho ya kitandani. Mwanzoni atashangaa, baadaye atakungoja, na kuelekea miezi minane au tisa ataivuta leso mwenyewe kwa kuwa sasa anajua kwamba kisichoonekana bado kipo. Atadondosha kijiko kutoka mapajani mwako na kukifuata kwa macho hadi sakafuni, kisha atakuomba ukiokote, na atafanya hivyo mpaka uchoke. Vumilia, anapima kina na mwendo wa vitu. Mchezo wa kidole utakuja karibu na kutimiza mwaka: unamwonyesha mwewe angani, au wale korongo wakubwa waliojenga viota kwenye miti ya karibu na Uwanja wa Nyayo mkipita na matatu, naye anafuata kidole chako badala ya kukitazama kidole chenyewe, na baada ya muda anakuonyesha wewe. Ukiwa na yaya wakati huo, mfundishe michezo hii hii, maana yeye ndiye atakayekuwa naye saa nyingi za mchana.

Nitie neno hapa kuhusu kitanda. Mwaka 1960 Eleanor Gibson na Richard Walk walichapisha majaribio ambamo watoto wanaotambaa waliwekwa juu ya kioo kinene, upande mmoja ukionekana kama shimo. Wengi walikataa kuvuka upande wa shimo hata walipoitwa na mama zao, jambo lililoonyesha kwamba wanaona kina. Lakini baadhi yao walipokuwa wakigeuka waliegemea kioo cha upande wa shimo bila kukusudia, na watafiti wenyewe wakaonya kwamba mtoto asiachwe karibu na ukingo hata kama anaona kina vizuri kiasi gani. Mtoto anayeona ukingo wa kitanda bado ataanguka.

Sasa makengeza. Katika miezi mitatu hadi minne ya kwanza ni kawaida kwa macho kuachana kwa sekunde chache, hasa mtoto akiwa amechoka au akitazama kitu kilicho karibu sana, kwa sababu misuli na ubongo bado vinapatana. Pia watoto wengi wana daraja pana la pua na ngozi inayofunika kona ya ndani ya jicho, hivyo weupe wa upande wa pua hauonekani na jicho hudhaniwa limeingia ndani ilhali limenyooka. Unaweza kujihakikishia hivi: mtazame akiwa anaelekea dirishani, uangalie ile nukta ndogo ya mwanga inayomeremeta juu ya kila mboni. Nukta zikiwa mahali palepale katika macho yote mawili, macho yamenyooka. Moja ikiwa katikati na nyingine pembeni, basi jicho moja limeenda. Kwa maelezo yako, linaloenda hurudi, na mtoto ana wiki 11. Hilo ni la kuangalia tu kwa sasa. Jicho linalobaki upande muda wote halisubiri umri wowote, na lile linaloendelea kuachana baada ya miezi minne linapaswa kupimwa. Msiwasikilize wanaosema atakua aachane nayo, au kwamba makengeza ni ishara ya bahati. Jicho linaloachwa hivyo linaweza kupuuzwa na ubongo hadi likapoteza uwezo wa kuona, kama lile la paka wa Hubel na Wiesel.

Yapo mengine ambayo hayangoji tarehe ya kliniki. Weupe ndani ya mboni, au mng'ao mweupe katika jicho moja kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa simu huku jingine likiwa jekundu, unaweza kuwa mtoto wa jicho, ambao hutokea hata kwa watoto wachanga, au saratani ya retina. Yote mawili yana matibabu, na yote mawili hutegemea sana kuwahi. Jicho linalotetemeka, kope iliyoanguka hadi kufunika mboni, jicho linaloonekana kubwa kuliko jingine na lenye ukungu huku mtoto akikimbia mwanga na kutoa machozi, au mtoto aliyetimiza miezi mitatu asiyekazia uso wa mtu macho, au anayekodolea taa tu na kupuuza kila kingine, wote hao wapelekwe. Waliozaliwa kabla ya wakati wana utaratibu wao wa kuchunguzwa retina katika wiki za mwanzo, na umri wa michezo yao huhesabiwa kuanzia tarehe waliyotarajiwa kuzaliwa. Wewe huhusiki, lakini huenda jirani yako anahusika.

Usimpake wanja ndani ya jicho, kwani aina nyingine huwa na risasi, ile madini yenye sumu, na usimtilie maziwa ya kifua akitokwa na tongotongo. Msafishe kwa pamba safi na maji yaliyochemshwa yakapoa, na tongotongo likiwa zito au jicho likivimba, mpeleke kliniki siku hiyo hiyo.

Chanjo yake inayofuata ni ya wiki 14. Nenda na kijitabu cha mama na mtoto, umwombe muuguzi amwangalie macho siku hiyo, na umweleze mambo matatu: kama anakufuata kwa macho ukiwa kimya, jicho lipi huenda upande na mara ngapi, na kama kuna mtu katika ukoo wenu au wa baba yake aliyekuwa na makengeza, mtoto wa jicho au ugonjwa wa macho tangu utotoni. Akiona haja ya kukuelekeza mbele, kliniki ya macho ya Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, hospitali ya macho ya Lions SightFirst kule Loresho na kitengo cha macho cha hospitali ya PCEA Kikuyu zote zimezoea watoto. Nenda asubuhi, akiwa amenyonya na kulala vizuri, maana mtoto mwenye njaa hatazami kitu chochote isipokuwa titi.